Mhuri wa raba wa kuchonga kwa mkono: mistari inalala na chapa inatoka na madoa meupe

KoroshoKaki (Mtwara Mjini)

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua kuchonga mihuri kwa mkono.

Mhuri ni wa kupiga kwenye mifuko ya kaki ya korosho za kukaanga, ya gramu 100 na 250. Mchoro ni bibo likiwa na korosho yake, jani moja, na chini yake neno MTWARA. Ukubwa ni sm 5 kwa sm 4. Nachonga kwenye raba kubwa nyeupe ya kufutia, ile laini ya plastiki, kwa wembe na kisu cha kukatia karatasi. Wino ni mweusi, wa pedi ya ofisini.

Yanayonisumbua ni haya. Mistari myembamba ya jani na miguu ya herufi inalala baada ya chapa kama 50, na mingine inameguka kabisa. Bibo nimeliacha limejaa, sijachonga kitu ndani yake, nalo linatoka na madoa meupe. Kwenye mfuko kuna mstari mweupe wa wima unaotokea mahali palepale kila nikipiga. Na herufi R imetoka imegeuka wakati nyingine zote ziko sawa. Niliziandika moja moja kuanzia mwisho wa neno.

Lengo ni chapa 500 kwa mhuri mmoja. Raba maalumu za kuchongea zinazoagizwa nje bei yake haiendani na biashara hii, kwa hiyo nataka kubaki na vitu vinavyopatikana hapa.

---

PatasiYaNewala

Ndugu, mistari kulala si kosa la raba, ni pembe ya kisu. Ukiingiza wembe wima, ukuta wa mstari unabaki mwembamba kama karatasi. Ukiinamisha vibaya, unachimba chini ya mstari wenyewe na kuondoa kilichokuwa kinaubeba. Ukiangalia kutoka juu huoni tofauti yoyote. Inaonekana unapobonyeza: mstari unapinda, unachapa mnene upande mmoja, mwisho unachanika kwenye shina.

Mstari wa mhuri usimame kama kichuguu, chini mpana na juu mwembamba. Ili upate hivyo, mpini wa kisu uulalie mstari na ncha ielekee nje, mbali na mstari, kama digrii 30 kutoka wima. Mkato wa kwanza uingie mm 2. Kisha geuza raba, anza mkato wa pili mm 2 au 3 pembeni, ukiinama kuelekea ule wa kwanza mpaka ikutane chini. Kitatoka kiuzi cha umbo la V, kirefu na safi. Kikitoka vipandevipande kama makombo, kisu ni butu, na kisu butu hakikati raba bali kinaivuta na kuichana. Acha kuchonga, noa kwanza.

Kwenye kona na mviringo mkono wa kisu usizunguke. Raba ndiyo izungushwe kwa mkono mwingine, kisu kibaki palepale. Ukizungusha kisu, pembe inabadilika katikati ya mkato bila wewe kujua, na hapo jani linaweza kumeguka kwenye ncha. Mkono unaoshika raba ukae nyuma ya kisu wakati wote.

Mpangilio wa kuchonga una maana sana. Anza na vijitundu vya ndani ya herufi, yaani tumbo la A na la R, wakati raba ya pembeni bado imejaa na inashikilia. Halafu zungushia herufi na jani. Eneo la nje liondoe mwisho kabisa. Ukianza na nje, unapofika kwenye tumbo la A herufi tayari imesimama peke yake na inayumba kila ukiigusa. Kwa vitundu vya duara kabisa, chukua kipande cha antena ya redio mbovu. Vile vibomba vyake vinapishana unene, kwa hiyo unapata vipenyo vinne au vitano kwenye antena moja. Noa mdomo kwa nje kwa msasa, simamisha, zungusha huku unabonyeza.

Kuhusu kina: karibu na mistari mm 2 zinatosha. Kadiri eneo tupu linavyokuwa pana, ndivyo lichimbwe zaidi, mpaka mm 3 au 4, kwa sababu karatasi inabonyea katikati ya uwazi na kugusa sakafu ya mhuri. Zile alama za mikwaruzo zinazoonekana pembeni ya chapa zinatokana na hapo. Kingo za raba zilizo nje ya mchoro zikate kabisa.

Patasi ya V huna haja ya kuagiza. Mwavuli uliokufa una vyuma vyembamba vilivyokunjwa kama mfereji. Kata sm 8, noa mdomo kwa msasa namba 600 kisha 1000 juu ya kioo, ukiweka mteremko mrefu upande wa nje tu. Ndani ya mfereji pitisha msasa uliokunjwa, kidogo, kuondoa ncha zilizopinda. Mpini uwe kijiti cha mpera kilichotobolewa, ukaze kwa gundi. Patasi hii inasukumwa ikiwa imelala, digrii 15 hadi 20, na inasafisha eneo tupu haraka kuliko kisu. Patasi za mpingo mlizonazo kwa wachongaji zimenolewa kwa mteremko mfupi na mnene ili zihimili nyundo. Kwenye raba zinasukuma badala ya kukata. Ukitumia hizo, zinolewe upya ziwe nyembamba. Na kila baada ya dakika chache pitisha mdomo kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia shaba, mara 10 kila upande.

Sasa hiyo R. Kwenye MTWARA, herufi M, T, W na A zinafanana na kivuli chake kwenye kioo, kwa hiyo ukizipanga kutoka mwisho zinakuwa sahihi zenyewe. R peke yake ndiyo inayohitaji kugeuzwa, na ndiyo inayosahaulika. Usiandike kinyume kwa kichwa. Chora kila kitu kikiwa sawa kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kwa penseli laini ya 2B, laza upande wa penseli juu ya raba, sugua kwa mgongo wa kijiko bila kusogeza. Mchoro unajigeuza wenyewe, na mhuri ukipiga unarudi sawa. Karatasi ya kaboni iepuke hapa: mchoro ukiwa umeangalia juu, kaboni inauhamisha bila kuugeuza.

Kabla ya kuhamisha mchoro, paka uso wa raba rangi hafifu ya kalamu ya wino mzito, iache ikauke kabisa. Kila ulipochonga patakuwa peupe, kila ulipobakisha patakuwa na rangi. Macho yanapumzika na makosa yanapungua. Na kabla ya kutia wino mara ya kwanza, laza karatasi nyembamba juu ya mhuri na kuichora kwa penseli iliyolala, kama mtoto anavyochukua sura ya sarafu. Utaona mikwaruzo iliyobaki bila kuchafua raba. Hapo neno litasomeka kinyume, na inatakiwa liwe hivyo.

Kwa raba ya kufutia, herufi zisipungue mm 6 kwa urefu na mstari usipungue mm 1. Chini ya hapo, hata ukichonga vizuri, raba ni laini mno na wino unaziba matumbo.

---

WinoNaKaki (Masasi)

Patasi amemaliza upande wa kuchonga, mimi niongeze upande wa wino na karatasi, maana madoa meupe na huo mstari wa wima havihusiani na kisu.

Raba mpya ina uso unaoteleza. Ina unga au mafuta ya kiwandani, na wino wa maji unajikusanya vitone badala ya kutanda. Kabla ya kuhamisha mchoro, laza msasa namba 400 mezani, sugua uso wa raba juu yake kwa duara mara 10 hivi bila nguvu, halafu osha kwa sabuni na maji, kausha. Kwa mhuri ambao tayari umechongwa, usirudie msasa sana, pitisha mara mbili tatu tu kisha osha kwa mswaki laini.

Sababu ya pili ni mchoro wenyewe. Bibo lililojaa na mstari wa jani wa mm 1 vinataka nguvu mbili tofauti. Nguvu ile ile ya mkono, kwenye bibo inagawanyika eneo kubwa na haitoshi. Kwenye jani inakusanyika sehemu ndogo na kuuponda mstari. Ukiongeza nguvu ili bibo lijae, ndipo jani linalala. Kwa hiyo shida zako mbili za kwanza zinasaidiana kukuharibia. Chonga mistari ndani ya bibo, ifuate umbo lake kutoka kwenye kikonyo kwenda chini, kila mm 2. Litaonekana la mviringo zaidi kuliko likiwa doa jeusi, na mhuri wote utataka mguso mmoja.

Mhuri mkubwa usiukandamize kwenye pedi. Unazama, wino unaingia mabondeni. Laza mhuri uso juu, chukua pedi, igonge juu ya mhuri kwa wepesi mara 4 au 5 ukihama sehemu. Elekeza mhuri kwenye mwanga: uso ung'ae sawasawa bila vidimbwi pembeni. Pedi ikikauka ongeza wino wa pedi, matone machache yaliyosambazwa, uache usiku mmoja. Maji matupu yanapunguza rangi na yanakauka upesi. Wino wa printa ni mwepesi, unatambaa kwenye nyuzi za kaki na kingo zinakuwa na manyoya.

Mstari mweupe wa wima ni mshono wa mfuko. Mifuko ya kaki imegundishwa nyuma katikati, hapo karatasi ni mbili. Ukipiga mbele, mhuri unapanda juu ya tuta hilo na pembeni yake haugusi. Kata kadibodi ngumu ya mm 2 ipungue kidogo upana wa mfuko, iingize ndani kabla ya kupiga, tuta litabaki chini yake. Chini ya mfuko weka gazeti la kurasa 6 hadi 8. Meza tupu ni ngumu mno kwa mhuri wa mkono. Blanketi nalo ni laini mno kwa karatasi, mhuri unazama na kuonyesha mabonde.

Piga mifuko ikiwa mitupu. Kaki ikishanyonya mafuta ya korosho, wino wa maji haushiki, na hakuna njia ya kurekebisha hilo. Tena ni vizuri wino ukauke mbali na chakula: upande wa nje tu, mifuko ipangwe mmoja mmoja dakika 15, ndipo irundikwe. Msimu wa mvua ongeza muda, kwa sababu wino wa pedi una gliserini, na gliserini inavuta unyevu wa hewa. Wino huu haukauki wenyewe kama rangi. Unakauka kwa kunyonywa na karatasi. Kwa hiyo kwenye lebo zinazong'aa au mifuko ya plastiki utafutika kwa kidole hata kesho yake.

Kila chapa 100 osha. Vumbi la kaki linajaza mistari taratibu na unadhani mhuri umechakaa.

---

SteshenariLigula

Kuna njia nyepesi ya kuhamisha mchoro. Toa fotokopi, laza juu ya raba, pitisha pamba yenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, wino wote unahamia. Herufi zinatoka safi kuliko za penseli.

---

PatasiYaNewala

Njia ni ya kweli ila si kwa raba yake. Zile nyeupe za kufutia nyingi ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na asetoni inaufanya uso uwe wa kunata na kuvimba. Ukichonga hapo kisu kinakwama. Pasi ya moto nayo usijaribu, uso unabonyea. Asetoni inafaa kwenye linoleamu au raba ngumu ya kweli, na lazima iwe fotokopi au printa ya unga. Ya wino wa maji haihamii. Pia angalia chupa, maana kuna dawa za kucha zisizo na asetoni ndani, na hizo hazihamishi kitu.

---

KoroshoKaki (Mtwara Mjini)

Ahsanteni sana, nimeelewa kwamba bibo na jani vinavutana. Nina maswali mawili. Je, mhuri nigundishe kwenye ubao au nibaki nao hivyo? Na kuna wateja wa jumla wanataka mifuko ya kitambaa yenye mchoro mkubwa, kama sm 15. Raba ya ukubwa huo haipo. Tyubu ya pikipiki au ndala inaweza?

---

PindoLaLindi

Vyote viwili vinaweza dada/kaka, ila kila kimoja na kazi yake. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, mifuko ya kitambaa imekuwa na soko, kwa hiyo kazi hii ina thamani kuijua vizuri.

Tyubu haichongwi, inakatwa kwa mkasi na kubandikwa. Mpira wake ni mm 2 hivi, unatosha. Kata umbo zima, bibo kipande kimoja, korosho kingine, jani lingine, mistari isipungue mm 3. Panga kwenye plaiwudi ya mm 12 juu ya mchoro uliogeuzwa. Usibandike kabla ya kuandaa mpira: tyubu ina unga wa kiwandani, na gundi inashika unga ule, haishiki mpira. Sugua upande wa kubandika kwa msasa namba 120 mpaka upoteze mng'ao, osha, kausha. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, nyembamba, subiri dakika 10 mpaka isinate kwenye kidole, ndipo uweke. Ikigusana imeshika, hakuna kusogeza, basi anza na kipande cha katikati. Gonga kwa nyundo ya mpira au jiwe lililofungwa kitambaa.

Ndala inafaa kwa mchoro wa maeneo makubwa yaliyojaa. Tumia kisu cha kuvunjavunja, kile ambacho ncha ya wembe inavunjwa ikiwa butu, chenye makali mapya, kata kwa mikato miwili mitatu ya taratibu. Ukikata kwa nguvu mara moja, sifongo inakwepa na ukuta unaingia ndani, kosa lile lile la kichuguu kilichopinduka. Uso wa kuchapia uwe ule wenye ngozi laini. Ukichapa kwa upande uliokatwa, vitundu vya ndani vinatoa chapa yenye vidoti. Kuna wanaochora kwa msumari wa moto. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu, kisu kinatosha.

Kwenye kitambaa wino wa pedi utatoka kwa kufua. Inatakiwa rangi ya kitambaa. Rangi ya ukutani inakauka ngumu na kupasuka kwenye mikunjo. Kitambaa kiwe cha pamba, na kifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu marekani na vitambaa vingi vya dukani vina wanga, rangi inakaa juu ya wanga na kuondoka nao. Piga pasi. Meza itandikwe blanketi lililokunjwa mara mbili na shuka juu yake. Hapa ulaini unatakiwa, tofauti na karatasi.

Rangi iwe na uzito wa mtindi. Itandaze kwenye kigae cha bafuni kwa rola ya sponji, kisha pitisha rola juu ya mhuri, tabaka jembamba mara mbili badala ya zito mara moja. Weka mhuri, bonyeza kwa viganja kuanzia katikati kwenda pembeni, hesabu mpaka 5, inua wima. Usiupembeze. Kila chapa inataka rangi mpya. Acha ikauke saa 24, halafu pasi kavu upande wa nyuma kwa joto la pamba, dakika 3 hadi 5 kila sehemu, pasi ikitembea. Usifue kabla ya siku 3. Maelekezo ya chupa yakisema tofauti, fuata chupa.

Ukitaka kuweka pindo linalojirudia chini ya mfuko, hesabu kabla ya kugusa rangi. Mfuko wa sm 38 kwa mhuri wa sm 4: chapa 9 zinachukua sm 36, zinabaki sm 2, na kati ya chapa 9 kuna nafasi 8, kila moja mm 2.5. Anza na chapa mbili za pembeni, kisha ya katikati, halafu jaza. Ukianza upande mmoja ukasonga tu, kosa la mm 1 linajikusanya na chapa ya mwisho inaangukia kwenye mshono.

Kuhusu ubao: raba yako nyeupe usiigundishe kwa gundi ya viatu. Yale mafuta yanayoilainisha yanatoka taratibu na kuifanya gundi iwe laini, baada ya wiki inaachia. Tumia gundi ya utepe yenye sura mbili, ibadilishwe ikichoka. Nyuma ya ubao chora mshale wa juu na alama ya katikati, vinginevyo utapiga bibo kichwa chini.

---

WinoNaKaki (Masasi)

Mmoja anaweza kusoma hapa na kuelewa vibaya, kwa hiyo niseme wazi: haya ni ya nembo yako mwenyewe. Kuchonga mhuri wa ofisi ya serikali, benki, shule au kampuni ya mtu mwingine bila idhini ni kughushi, na ni kosa la jinai.

Pia msioshe kwa mafuta ya taa wala petroli. Mpira wa asili unavimba na mistari inapanuka. Sabuni, maji, mswaki.

---

KoroshoKaki (Mtwara Mjini)

Nimepata. La mwisho: mhuri ukishaoshwa niuweke kwenye kopo la plastiki au mfuko wa nailoni?

---

PatasiYaNewala

Hapana. Raba nyeupe ikikaa imegusana na baadhi ya plastiki inayeyushana nazo. Umeona rula inavyong'ang'ania raba ndani ya mkoba wa shule, ni jambo hilo hilo. Ifunge kwenye karatasi ile ya kaki, uso juu, pasiwe na kitu kizito juu yake, ndani ya boksi la kadibodi mbali na dirisha. Mihuri miwili isilaliane uso kwa uso.